Watoto wanaanza karate kwa kishindo, baada ya miezi mitatu hawaonekani. Tunakosea wapi?

Sempai_Kizota

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni.

Naomba uzoefu wa wanaofundisha watoto. Darasa letu ni la karate ya mtindo wa Shotokan, watoto wa miaka 6 hadi 12, hapa Dodoma mjini. Tuna Jumatatu na Jumatano saa kumi na nusu mpaka saa kumi na moja na nusu jioni, na Jumamosi asubuhi. Ukumbi una sakafu ya saruji. Ukiwa na shughuli nyingine tunahamia nje, kwenye udongo. Januari wanajaa, 24 hivi. Ikifika Pasaka wamebaki tisa au kumi, na wengi walioondoka bado ni mkanda mweupe, yaani wa wanaoanza. Mzazi ukimpigia simu anakwambia "hana moyo tena, sensei," yaani mwalimu. Mtoto ukimuuliza anaangalia chini.

Vifaa vyetu ni pedi moja ya kupigia mateke na glovu jozi nne. Mtihani wa mkanda ni kila baada ya miezi minne.

Nauliza mambo mawili. Nini hasa kinawaondoa? Na je, zawadi na michirizi ya tepu kwenye mkanda inasaidia kuwashikilia, au ndiyo inaharibu karate? Hapa kwetu tumegawanyika.

Mkanda_Kahawia

Sempai, jibu la swali la kwanza umeliandika mwenyewe: pedi moja.

Piga hesabu. Watoto 24, kila mmoja anapiga mae geri (teke la mbele) kumi, ni kama sekunde 20. Mpaka zamu imrudie aliyeanza zimepita dakika nane. Ndani ya dakika hizo amefanya mazoezi sekunde 20, muda wote uliobaki yuko kwenye foleni anamsukuma mwenzake na kugombezwa. Mizunguko mitatu inakula karibu nusu ya kipindi na mtoto ameondoka na mateke 30. Akifika nyumbani anasema karate inaboa, na kwa alichokiona anasema kweli.

Dawa ni vituo. Tafuta pedi sita, wagawe wanne wanne. Wa kwanza anapiga, wa pili anashika pedi, wa tatu amesimama zenkutsu dachi (msimamo mrefu, goti la mbele limekunjwa) anahesabu kwa sauti, wa nne anarudia pembeni kipande chake cha kata (mfululizo wa hatua uliopangwa). Sekunde 30, piga makofi, wanabadilishana. Kwa dakika zile zile nane kila mtoto anapiga raundi nne za nusu dakika, yaani mateke hamsini na zaidi, na hakuna aliyesimama bure. Waliozubaa wanakwisha wenyewe bila mtu kupigiwa kelele.

Kipindi cha saa moja mimi nakigawa hivi: dakika 8 mchezo wa kupasha mwili, 12 kihon (mbinu za msingi), 15 vituo, 15 kata, 5 mchezo, 5 kufunga na kusema neno. Mchezo usiwe wa kupoteza muda. Wa "mikia" unatosha: kila mtoto anachomeka kipande cha kitambaa nyuma ya mkanda, wanawindana kwa hatua za kuteleza tu, kukimbia hakuna. Hapo wanajifunza umbali na kulinda mgongo bila kujua kwamba wanafundishwa. Na wewe ukieleza jambo, usizidishe nusu dakika. Kosa moja kwa mara moja. Ukimwambia mtoto wa miaka saba arekebishe goti, kisigino, ngumi ya kiunoni na macho kwa pamoja, hatarekebisha hata kimoja, ila atakumbuka kwamba amekosea vinne.

La pili ni kata, na hapa ndipo mikanda myeupe inapokata tamaa. Heian Shodan, kata ya mwanzo, ina hatua 21. Ukimpitisha zote kwa siku moja, kesho yake hana hata tano, anajiona mjinga. Igawe: 1–5, 6–9, 10–13, 14–17, 18–21. Mgawanyo huu unafuata umbo la kata yenyewe. Kipande cha pili kinaishia kwenye kiai (ukelele wa nguvu) ya kwanza, age uke (kinga ya juu) ya tatu. Cha nne kinaishia kwenye kiai ya pili, oi zuki (ngumi ya kusonga mbele) ya tatu. Cha mwisho ni zile shuto uke (kinga ya ukingo wa kiganja) nne. Wiki mbili kwa kila kipande ni wiki kumi. Kwa mtihani wa miezi minne bado una wiki sita za kuunganisha. Kila wiki ya pili mtoto anaonyesha kipande chake mbele ya wenzake, wanampigia makofi, anaenda nyumbani akijua amemaliza kitu.

Angalia sana hatua ya 10. Mtoto ametoka kupiga kiai, mguu wa kulia uko mbele, sasa anatakiwa ageuke robo tatu ya duara kupitia mgongoni kwake, mguu wa kushoto ndio unaosafiri. Karibu wote wanageuka robo tu, kwa upande ulio karibu, kisha sehemu yote iliyobaki ya kata inaelekea kusiko. Usimvute mkono. Chukua ndala yake, iweke sakafuni pale mguu wa kushoto unapotakiwa kutua, mwambie "kanyaga ndala." Mara tano hivi, toa ndala. Kwenye saruji chora herufi I kubwa kwa chaki, maana ndiyo njia ya kata hii. Kwenye udongo chora kwa kijiti.

Wanaosema kumkatia mtoto kata vipande ni kuilainisha karate wakumbuke kwamba Heian zote tano zilitungwa na Itosu Anko mwanzoni mwa karne ya 20, wakati huo zikiitwa Pinan, kwa ajili ya wanafunzi wa shule za Okinawa, kisiwa cha Japani. Tangu mwanzo zililenga watoto.

Na jambo dogo ambalo walimu tunalipita: mkanda unaofunguka. Mtoto anapewa mkanda wa kaka yake, mrefu mpaka magotini, kila baada ya dakika tano anasimama kuufunga, anaachwa nyuma, anachekwa. Pima kiuno, zidisha mara mbili, ongeza sentimita 80. Kiuno cha sentimita 58 kinataka mkanda wa mita mbili kasoro kidogo. Fundisha fundo siku ya kwanza, tena kwa utulivu: katikati ya mkanda kitovuni, zungusha, ncha ya juu ipite chini ya mizunguko YOTE miwili. Wengi wanaipitisha chini ya mzunguko mmoja tu, ndiyo maana unalegea.

Dada_Shuto

Nakubaliana na Mkanda_Kahawia kuhusu foleni. Ila mtoto anayeangalia chini ukimuuliza, mara nyingi huyo ameumia au ameogopa, na hajui namna ya kusema.

Kumite (pambano la wawili) ya mapema inaondoa watoto wengi. Mkanda mweupe wa miezi miwili anapangwa na mwenye mkanda wa njano, anapigwa ngumi ya pua, wakubwa wanamwambia "simama, karate si lelemama." Anasimama. Wiki inayofuata tumbo linamuuma kila Jumatatu jioni.

Miezi mitatu ya kwanza pasiwe na kumite huru kabisa. Wape mchezo wa kugusa bega na goti kwa kiganja kilicho wazi, wawili wawili, dakika moja. Hapo jicho na miguu vinaamka bila maumivu. Kisha ippon kumite (pambano la pigo moja) ambapo anayeshambulia anataja atakachopiga kabla hajapiga, na ngumi inasimama upana wa kiganja kabla ya mwili. Kumite huru ikifika, pambanisha kwa uzito, tofauti isizidi kilo tano, na kichwani asipigwe mtu. Kinga ya meno kila mmoja na yake, haiazimwi.

Akipigwa vibaya, simamisha, mchunguze, mpe muda apumue. Kama yuko sawa, mpe mwenzi mpole amalize naye zoezi jepesi siku hiyo hiyo, ili asirudi nyumbani na lile pigo likiwa jambo la mwisho kichwani. Akipigwa kichwa kisha akawa na kizunguzungu, akatapika au akalalamika kichwa kinauma, hapo mazoezi yamekwisha na anapelekwa hospitali.

Sasa saruji. Watoto wa miaka 8 hadi 14 mfupa wa kisigino bado unakua, na kurukaruka pekupeku kwenye saruji kunausumbua. Mtoto anaanza kutembelea vidole baada ya mazoezi, mwalimu anasema mvivu. Mbane kisigino kwa pembeni, pande zote mbili kwa pamoja, taratibu. Akiruka kwa maumivu, mtoe kwenye miruko na kukimbia kwa wiki kadhaa, abaki na kata ya taratibu na ngumi. Akiwa anachechemea hata siku ya mapumziko, aonwe na daktari. Kwa darasa zima, punguza miruko kwenye saruji. Fanyeni miruko siku ya udongo.

Na udongo wa Dodoma mnaujua: mbigili. Mbigili moja kwenye unyayo wakati mtoto anazungusha teke la mawashi geri, mguu huo hautauzungusha tena kwa ujasiri mwezi mzima. Kufagia kwa fagio la kawaida hakutoshi, mbigili inabaki imejikita. Buruta gunia au blanketi kuukuu lililoloweshwa, mbigili zinanasa humo. Wapeni wakubwa wawili kazi hiyo dakika kumi kabla. Kiangazi mwagia maji kidogo eneo zima, vumbi likae chini. Juni na Julai upepo wa jioni unauma kweli, acheni watoto wavae fulana ndani ya gi (vazi la karate), na mwende kwenye kunyoosha viungo mwili ukiwa umeshapata joto.

Kuhusu wasichana wa miaka 10 kwenda juu, hapa naomba msome kwa makini. Wanaondoka kimya kimya na sababu ziko wazi kwa anayetaka kuziona. Hakuna pa kubadilishia nguo. Gi inafunguka kifuani. Mwalimu anarekebisha kiuno kwa mikono. Suruali ni nyeupe, na siku za hedhi hawezi kuja. Marekebisho yake hayana gharama: chumba kimoja chenye kitasa dakika kumi kabla na baada, fulana nyeupe ndani ya gi iwe ruhusa ya kudumu, mwalimu aonyeshe kwa mwili wake mwenyewe au aombe ruhusa kabla ya kugusa, na suruali nyeusi iruhusiwe siku yoyote kwa yeyote, asiulizwe kwa nini. Anayevaa hijabu avae ya michezo isiyo na pini. Hata shirikisho la dunia, WKF, linaruhusu hijabu kwenye mashindano yake. Na awepo mwanamke mmoja mbele ya darasa, hata kama ni mkanda wa kijani anayesaidia kuhesabu.

Mwl_Nzuguni

Mimi niongeze upande wa nyumbani na shuleni, maana hapo walimu wa karate hamfiki.

Angalia njaa kwanza. Mtoto aliyekula mchana saa saba akaja dojo (ukumbi wa mazoezi) saa kumi na nusu amekauka. Dakika ya ishirini anakaa chini, mnasema hana moyo. Uji wa ulezi au ndizi mbili na karanga kiganja kimoja, saa moja hadi moja na nusu kabla ya mazoezi, vinamfikisha mwisho. Ugali na mlenda uliwe mapema zaidi, saa mbili au tatu kabla, ukimezwa dakika ishirini kabla ya mateke ni kichomi. Chupa ya maji ya nusu lita, anywe kidogo kidogo. Hewa ya huku ni kavu, jasho linakauka kabla hajaliona.

Pili, usafiri. Hapo saa kumi na moja na nusu mmefanya vizuri. Juni jua linazama mnamo saa kumi na mbili na nusu, na mzazi wa Nzuguni au Ihumwa, huko pembezoni mwa mji, hatakubali mtoto wa miaka minane apande daladala gizani. Mkichelewesha kufunga hata dakika ishirini, mzazi halalamiki, anamwachisha tu. Fungeni kwa saa.

Tatu, darasa la nne na la saba. La saba wana mtihani Septemba, la nne Oktoba, na kuanzia katikati ya mwaka tusheni inameza jioni zote. Msishindane na tusheni, mtashindwa. Mzazi apewe nafasi ya "Jumamosi tu" kuanzia Julai, kwa ada nusu, na mtoto asihesabiwe mtoro. Kilichomtoa mtoto moja kwa moja mara nyingi ni aibu ya kurudi Novemba akawakuta wenzake wamempita mkanda. Mwekeeni wiki mbili za kurudia kata kabla hajasimama na kundi lake.

Kuhusu zawadi, swali lako la pili. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett wa Marekani walichapisha jaribio walilofanya kwa watoto wa chekechea waliokuwa wanapenda kuchora. Walioahidiwa cheti kabla ya kuchora, baadaye walipoachwa huru walichora kwa muda mfupi kuliko wenzao. Waliopewa cheti kile kile ghafla, bila kuahidiwa, hamu yao haikupungua. Kwa hiyo mzazi anayesema "ukienda karate nakununulia soda" anamfundisha mtoto kwamba karate ni adhabu inayolipwa soda. Soda ikikosekana, mtoto hana sababu ya kwenda. Mtoto akitoka mazoezini mwambie "nionyeshe ulichojifunza leo," kaa chini, tazama dakika mbili, simu mfukoni. Swali la "umempiga nani leo?" liacheni kabisa.

Goju_Mzee

Vijana mmesema vizuri. Ila michirizi ya tepu mimi siiungi mkono. Mtoto anaanza kutazama mkanda wake kuliko miguu yake. Mkanda mmoja, mtihani mmoja, subira. Subira ndiyo funzo lenyewe.

Mkanda_Kahawia

Shikamoo mzee. Subira nakubali, lakini miezi minne kwa mtoto wa miaka saba ni mirefu mno, hawezi kuishika kichwani. Na rangi za mikanda zenyewe ziliingia kwa sababu hiyo hiyo. Mikanda tuliiazima kutoka judo ya Jigoro Kano, iliyoanza 1882. Rangi nyingi za kyu (madaraja ya kabla ya mkanda mweusi) tunazozijua zilienea baadaye kutoka Ulaya, hasa kupitia Kawaishi, mwalimu wa judo aliyefundisha Ufaransa kuanzia miaka ya 1930, maana wanafunzi walihitaji kuona wanakotoka na wanakokwenda.

Ninachokubali ni kwamba michirizi inaharibika haraka ikitolewa ovyo. Ukiwapa wote siku moja, haina maana. Ukiitoa kwa kumpendeza mzazi, watoto wanajua kabla yako. Mitatu kati ya mkanda na mkanda inatosha, na kila mmoja uwe wa kitu kinachoonekana kwa macho: wa kwanza vipande vitatu vya kata bila kukumbushwa, wa pili zenkutsu dachi ambayo goti la mbele linafunika kidole gumba cha mguu ukitazama kutoka juu, na kisigino cha nyuma hakinyanyuki, wa tatu kushika pedi na kumhesabia mwenzake bila kusukumwa. Anayejiona yuko tayari anaomba mwenyewe Jumamosi. Asipopita anaambiwa kitu kimoja cha kurekebisha, anajaribu tena Jumamosi inayofuata. Mchirizi wa mahudhurio usiwepo, utamwadhibu mtoto kwa malaria au kwa nauli ya mama yake.

Tepu ya umeme isitumike, jua la hapa linayeyusha gundi na mkanda unanata vumbi. Mshonee uzi mweusi, mishono sita ncha ya mkanda, kazi ya dakika mbili.

Goju_Mzee

Marahaba. Kwa utaratibu huo wa mtoto kuomba mwenyewe, na kukataliwa akarudi, sina ubishi. Hata hapo kuna subira.

Sempai_Kizota

Nimeandika yote kwenye daftari. Jumatatu naanza na vituo, na Dada_Shuto, suala la chumba nalipeleka kwa sensei kesho. Swali la mwisho: pedi sita dukani hatuziwezi kwa sasa. Kuna mwenye vipimo vya kutengeneza?

Mkanda_Kahawia

Nenda kwa mafundi wanaoshona viti vya magari, wana turubai na cherehani nzito. Kila pedi: sentimita 40 kwa 20. Tabaka tatu: sponji ya godoro sentimita 5, katikati soli za ndala kuukuu zilizogandishwa kwa gundi ya viatu, kisha sponji nyingine sentimita 5 upande wa mshikaji. Ukiweka sponji tupu teke linapenya mpaka kwenye mkono na mtoto anayeshika atakataa kushika tena. Zile soli ndizo zinazotawanya pigo. Mikanda miwili ya begi nyuma, mmoja wa kiwiko, mmoja wa kushikia, sentimita 15 kati yake.

Mwambie fundi mshono wa turubai ukae pembeni, usipite usoni mwa pedi, utachuna unyayo. Na wafundishe kushika kabla ya kupiga: kiwiko kimekunjwa, pedi imegusa mwili, mguu mmoja nyuma. Wakiishika mbali na mwili mikono imenyooka, itawarudia usoni.